Utumwa uliisha lini Kusini?

Muulize mwanafunzi wa sekondari pale Lindi mjini utumwa ulikomeshwa lini. Atakujibu 1873, na kwenye mtihani atapata alama yake. Lakini sheria iliyotamka kwamba ndani ya Tanganyika hakuna mtu anayeweza kummiliki mwenzake ilitungwa mwaka 1922. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 49. Msichana aliyeuzwa Kilwa Kivinje mwaka ule ambao Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba na Waingereza angeweza kukua, kuzaa, kuitwa bibi na kuzikwa akiwa bado mali ya mtu, huku vitabu vikisema utumwa umekwisha.

Miaka hiyo 49 inapitiwa haraka mno madarasani. Kwetu sisi wa Mtwara na Lindi ndiyo iliyoamua nani anaishi wapi, ukoo gani unazika wapi, na kwa nini baadhi ya mambo hayasemwi mbele ya wageni. Niseme mapema ninachokiamini: wakubwa wa Unguja, London na Berlin walitia saini nyingi, lakini waliouvunja utumwa wa Kusini kwa sehemu kubwa ni watumwa wenyewe, wengi wao kwa kuondoka tu. Sheria ilikuja nyuma yao, ikaandika yaliyokwisha kutendeka.

Biashara na umiliki

Mkanganyiko wa tarehe unaanzia hapa. Biashara ya watumwa ni kukamata watu, kuwasafirisha na kuwauza. Utumwa ni hali ya mtu kumilikiwa na mtu. Serikali inaweza kupiga marufuku biashara na ikauacha umiliki uendelee bila kuguswa, na ndivyo ilivyofanyika katika pwani yetu, tena kwa makusudi.

Biashara ilikuwa ya siku nyingi. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Jean-Vincent Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa muda wa miaka 100, wapelekwe kwenye mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Karne iliyofuata mahitaji yakahamia Unguja na Pemba, kwenye karafuu, na Kilwa Kivinje ikawa bandari kuu ya kupakilia watu katika pwani nzima ya Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1860 forodha ya Kilwa iliandikisha karibu watu 20,000 kwa mwaka. Walihesabiwa na kulipiwa ushuru sawa na pembe za ndovu na sandarusi. Waliovushwa kwa magendo hawamo katika hesabu hiyo, wala hawamo waliofia njiani.

Na njia ilikuwa ndefu. Misafara ilitoka nchi za Ziwa Nyasa, ikavuka ardhi ya Wayao, ikashuka kuelekea Kilwa, Lindi au Mikindani. Watu walitembezwa wamefungwa makongwa shingoni, wamebebeshwa pembe. Wakuu na wafanyabiashara wa Kiyao ndio walioishika njia hiyo upande wa bara. Upande wa pwani walikuwapo Waswahili na Waarabu, na nyuma yao wafanyabiashara wa Kihindi waliokopesha nguo, bunduki na baruti za kuanzishia safari. Hakuna jamii ya Kusini inayoweza kusema haikuwamo kabisa, ama kwa kuuza, ama kwa kuuzwa, na nyingi zilikuwa pande zote mbili kwa nyakati tofauti. Hilo ni gumu kulisema, lakini bila kulisema hatuwezi kuelewa kwa nini uhuru ulipokuja ulikuja umejikunja.

David Livingstone alishuka Mikindani mwezi Machi 1866, akaufuata mto Ruvuma kwenda bara. Juni mwaka huohuo aliandika katika kumbukumbu zake kwamba walimpita mwanamke aliyefungwa shingo kwenye mti, amekufa. Wenyeji walimweleza kwamba alikuwa ameshindwa kwenda mwendo wa msafara, na aliyemmiliki hakutaka apone akawa mali ya mwingine. Soma tena sababu hiyo. Ni ya kibiashara tupu: hasara yangu isiwe faida yako. Maandishi ya namna hii yaliamsha watu Uingereza, na shinikizo lao ndilo lililofika hatimaye mezani kwa Barghash.

Si kila aliyefika pwani alipandishwa jahazi. Maelfu walibaki Kilwa, Lindi, Mikindani, Sudi na vijiji vya kandokando, wakalima mtama na miwa, wakakwea minazi, wakachimba sandarusi, wakabeba mizigo. Wengine walipewa kipande cha ardhi wajilimie na siku kadhaa za juma wakafanya kazi ya bwana. Wengine waliishi peke yao mjini, wakafanya vibarua na kumpelekea bwana sehemu ya ujira. Wazalia, yaani waliozaliwa utumwani pwani, walikuwa na hadhi juu ya mateka wapya walioitwa washenzi, wakavaa vizuri, wakasali msikitini, wakaongoza misafara.

Kwa sababu ya tofauti hizo wapo wanaosema utumwa wa pwani ulikuwa mpole. Sikubaliani nao. Mzalia aliyeaminiwa kuongoza msafara wa watu mia angeweza kuuzwa kesho yake bwana akifilisika. Mama angeweza kutenganishwa na mwanawe kwa deni asilolijua. Mtu ambaye hali yake njema inategemea uhai na hisia za mtu mmoja hana kitu chake mkononi.

Kilichofuata baada ya 1873

Mkataba wa Juni 5, 1873 ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari na ukafunga masoko ya hadharani katika miliki ya Sultani. Haukumwachia huru mtumwa hata mmoja aliyekuwa tayari mikononi mwa bwana.

Wafanyabiashara wa Kilwa hawakukaa kusubiri. Jahazi zilipoanza kukamatwa na manowari za Waingereza, waliwatembeza watu kwa miguu, kandokando ya pwani, kutoka Kilwa kwenda kaskazini hadi maeneo ya Pangani, ambako mkondo wa kuvuka kwenda Pemba ni mfupi na unavukika usiku. Ofisa wa ubalozi wa Uingereza, Frederic Elton, alitumwa kuipita njia hiyo. Kati ya Desemba 1873 na Januari 1874, ndani ya mwezi mmoja, alihesabu zaidi ya watumwa 4,000 wakielekea kaskazini. Hao ni miezi sita tu baada ya tarehe ambayo mwanafunzi wetu ameiandika kwenye mtihani. Na kwa waliotembezwa, marufuku ya bahari ilizidisha mateso: safari ambayo ingekuwa siku chache za jahazi ikawa majuma ya kutembea juani, mito ya Rufiji ikivukwa kwa kongwa shingoni.

Aprili 1876 Barghash akatoa matangazo mawili ya kuzuia misafara ya nchi kavu. Safari hii biashara ya Kilwa ilitikisika kweli, na kulitokea ghasia. Haikufa, ilijificha na kupungua. Wakati huohuo mali nyingine ilikuwa inapanda bei: mpira wa porini, uliogemwa katika misitu ya nyanda za Makonde na bara ya Kilwa na Lindi. Matajiri walewale waliokuwa wakiuza watu wakageukia mpira, na kazi ya kuubeba na kulima chakula cha mji ikawaangukia watumwa walewale. Kwa hiyo kukoma kwa biashara ya nje kulifanya utumwa wa ndani uwe na kazi zaidi. Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hawalitarajii, na ndilo linaloeleza kwa nini mabwana wa pwani waliweza kukubali kupoteza soko bila kukubali kupoteza watumwa.

Waliorudi nyumbani wakaishia Masasi

Mwaka 1876 huohuo, mwezi Oktoba, kundi la wanaume na wanawake waliokuwa wamekombolewa na kulelewa na misheni ya Waanglikana Unguja walishuka Lindi pamoja na Askofu Edward Steere, wakaanza kutembea kwenda bara. Wengi walikuwa watu wa nchi za Nyasa, na azma ilikuwa kufika kwao. Njia hiyo walikuwa wameipita wengine wao wakiwa watoto, wakielekea upande wa pili. Katika uongozi wa misafara ya misheni ile alikuwamo James Chuma, Myao aliyeokolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa mwaka 1861 akiwa kijana mdogo, na ambaye baadaye alikuwa mmoja wa walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani.

Hawakufika Nyasa. Walipofika Masasi, penye milima ya mawe na maji, wakaamua kukaa. Mji wa Masasi wa leo umekua kutokana na kijiji kile cha watu waliokombolewa. Wakajenga, wakalima, wakapewa shule na kanisa.

Ila uhuru wao ulikuwa na mipaka ambayo tusiipambe. Misheni iliweka sheria za kijiji, ikaamua ndoa na adhabu, ikatoa kazi. Wamisionari walijiona kama wazazi wa watu ambao wengine walikuwa wakubwa wenye familia. Na usalama haukuwapo: Septemba 1882 wapiganaji wa Kingoni, waliojulikana huku kwa jina la Magwangwara, waliivamia Masasi wakachoma nyumba na kuchukua mateka. Watu waliokwisha kukombolewa mara moja wakatekwa tena, na mmisionari mmoja akawafuata hadi kwa Wangoni kujaribu kuwakomboa. Kazi ya misheni ikahamishiwa Newala kwa muda, chini ya ulinzi wa mkuu Matola.

Kati ya wote waliotoka katika mkondo huo, mimi humfikiria zaidi Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, aliuzwa akiwa mtoto, akafika Unguja, akaachwa huru, akasomeshwa Kiungani, shule ya misheni huko Unguja, na baadaye Uingereza. Mwaka 1886 alirudi Kusini kufanya kazi Chitangali, kwa mkuu Barnaba Nakaam, na mwaka 1890 akawekwa wakfu kuwa kasisi, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Chitangali alifanya kazi miaka mingi bila Mzungu wa kumsimamia, na kanisa lilikua. Huyu mtu alikuwa amepitishwa forodhani kama bidhaa. Akarudi katika ardhi ya watu wake na ibada, shule na mashauri ya kijiji vikawa mikononi mwake. Wanafunzi wa Mtwara wanastahili kulijua jina lake kama wanavyoyajua majina ya magavana.

Wajerumani na hati ya uhuru

Mwaka 1888 pwani iliinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyokuja kushika forodha na bendera. Kilwa maofisa wake wawili waliuawa. Lindi na Mikindani wakatimuliwa. Bunge la Ujerumani likaombwa fedha za jeshi, na Januari 1889 likatoa mark milioni mbili. Sababu iliyowekwa mbele ilikuwa kupambana na biashara ya watumwa. Wabunge ambao wasingekubali kulipia vita vya koloni walikubali kulipia vita dhidi ya utumwa. Mei 1890 Hermann von Wissmann, aliyeliongoza jeshi hilo, akaziteka tena Kilwa, Lindi na Mikindani.

Hapa historia inakuwa chungu kwa kila upande. Baadhi ya waliowapinga Wajerumani kwa ushujaa mkubwa walikuwa watu wa biashara ya watumwa. Hassan bin Omari Makunganya aliishambulia Kilwa, akakamatwa, akanyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895 pamoja na wenzake kwenye mwembe, na mahali pale pakabaki na jina la Mwembe Kinyonga. Machemba, mkuu wa Kiyao katika nyanda za Makonde, alimwandikia Wissmann mwaka 1890 barua ya Kiswahili ya kukataa kwenda kujisalimisha: ukitaka urafiki niko tayari, kuwa mtu wako siwezi. Alihimili mashambulizi kwa miaka, hadi mwaka 1899 alipovuka Ruvuma kwenda Msumbiji. Wote wawili walipigania uhuru wao. Wote wawili walinufaika na kunyimwa uhuru kwa wengine. Sioni haja ya kuchagua upande mmoja wa maisha yao tukaufuta wa pili. Kumtukuza Machemba bila kuwataja waliouzwa ni kuwauza mara ya pili; na kumwita mfanyabiashara wa watumwa basi, tukanyamaza juu ya barua ile, ni kurudia hoja ya Wissmann.

Sasa, serikali iliyoingia kwa jina la kukomesha utumwa, je, iliukomesha? Hapana. Katika miaka yote ya utawala wa Wajerumani utumwa ulibaki halali. Kukamata na kuuza watu kwa kusafirisha kuliadhibiwa vikali, kumiliki kuliratibiwa. Maofisa waliogopa kwamba mabwana wa pwani wakinyang'anywa watumwa wataasi tena, kwamba mashamba yatakosa wafanyakazi, na kwamba watadaiwa fidia. Wakasema utumwa utajifia wenyewe.

Badala ya kuukomesha, walitoa hati za uhuru. Tangu 1891 mtumwa aliweza kufika ofisi ya wilaya, ndugu au yeye mwenyewe akalipa bei yake, au bwana akamwacha kwa hiari, akaandikiwa karatasi yenye jina lake na saini ya ofisa. Makumi ya maelfu ya hati hizi zilitolewa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Hebu mtazame mtu anayejikomboa katika Lindi ya 1902. Mwaka mmoja kabla sheria imempa haki ya kulipa bei yake, na imemlazimisha bwana kumwachia siku mbili za juma afanye kazi zake mwenyewe. Siku hizo mbili anagema mpira au anabeba mizigo bandarini. Senti zinazobaki baada ya chakula anaziweka, labda kwa mtu anayemwamini, kwa sababu akizificha nyumbani zitasemwa ni za bwana. Zikitimia anakwenda bomani, anasimama mbele ya ofisa anayepanga yeye ni wa rupia ngapi. Analipa. Fedha anapewa bwana. Kwa miaka ya jasho amejinunua mwenyewe kutoka kwa mtu ambaye hakumuumba, na serikali imegonga muhuri kwamba biashara ilikuwa halali.

Kisha ikaja sheria ya Desemba 1904: watoto wote wa watumwa watakaozaliwa baada ya Desemba 31, 1905 watakuwa huru. Katika nyumba moja, basi, dada aliyezaliwa 1905 angebaki mtumwa na mdogo wake wa 1906 akawa huru, wote wawili wa mama mmoja ambaye bado anamilikiwa.

Wanawake

Watumwa wengi katika pwani walikuwa wanawake, na kwao uhuru ulikuwa na mlango mwembamba zaidi. Kwa sheria ya Kiislamu, suria aliyemzalia bwana wake mtoto hakuuzwa tena, na alikuwa huru bwana akifa. Mtoto alikuwa huru tangu kuzaliwa, sawa na ndugu zake wa mke wa ndoa. Ulikuwa ulinzi wa kweli, na familia nyingi zenye heshima katika miji yetu zina bibi aliyeingia kwa njia hiyo. Lakini maana yake ni kwamba njia ya mwanamke kupata usalama ilipita kitandani kwa bwana, atake asitake.

Serikali za kikoloni zililiona hilo kuwa jambo la ndani ya nyumba. Unguja, sheria ya 1897 ilipofuta utumwa kisheria, masuria waliachwa nje hadi 1909. Bara, ofisa aliyemwona mwanamke amekimbia kwa bwana mara nyingi alimwona mke aliyetoroka, akamrudisha. Mwanaume aliyetoroka angeweza kwenda kubeba mizigo, kuwa askari, kujenga reli. Mwanamke aliyetoroka na mtoto mgongoni alihitaji ukoo wa kumpokea, na ukoo wake ulikuwa mwendo wa miezi, pengine ulikwisha kusambaratishwa na uvamizi uleule uliomleta pwani.

Walioondoka

Na bado waliondoka, wanaume na wanawake. Hili ndilo ambalo nyaraka za serikali zinalinung'unikia na ndilo lililoumaliza utumwa. Bwana wa Lindi aliyeamka akakuta vibanda vya watumwa vitupu hakuwa tena na nguvu ya kuwarudisha, maana kuwawinda kulimweka mikononi mwa serikali.

Walikwenda wapi? Baadhi walitafuta bwana mwingine mwenye masharti mepesi, wakawa wafuasi wake kuliko watumwa. Baadhi walikwenda misheni. Wengi walipanda nyanda za Makonde. Kule juu watu walikuwa wameanza kukimbilia tangu enzi za uvamizi, kwa sababu vichaka vyake vinazuia msafara wenye bunduki na hakuna kijito cha kumvutia mvamizi. Gharama yake ilikuwa maji: vijiji vilikuwa juu, visima bondeni, na wanawake wakapanda na kushuka mteremko na mitungi kichwani kila siku ya maisha yao. Ukitaka kujua uhuru ulithaminiwa kiasi gani, angalia watu walichokubali kukikosa ili waupate. Wageni waliopokelewa walipewa ardhi, wakaoa au kuolewa, wakachukua mila na majina ya waliowapokea. Baada ya vizazi viwili hakuna aliyewatofautisha.

Uhuru kutoka kwa nani

Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, wilaya ya Kilwa, watu waling'oa pamba ya serikali, na Vita vya Majimaji vikaanza. Pamba ile ililimwa kwa shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa, chini ya maakida, wasimamizi waliowekwa na serikali, watu wakitolewa kwenye mashamba yao wakati wa mvua, chini ya kiboko, kwa malipo duni au pasipo malipo. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyeeneza habari ya maji, alinyongwa Agosti 4, vita vikiwa vimeanza tu. Viliishukia nchi nzima ya Lindi, Liwale na Masasi, na jeshi la Wajerumani likavimaliza kwa kuchoma vyakula. Serikali ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alifikia makadirio ya 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa.

Nimeileta Majimaji hapa kwa sababu haiwezi kutenganishwa na habari ya utumwa. Angalia tarehe. Desemba 1904 serikali inatangaza kwamba watoto wa watumwa watazaliwa huru. Miezi saba baadaye watu ambao hawakuwa watumwa wa mtu yeyote wanaingia vitani kwa sababu serikali hiyohiyo inawafanyisha kazi kwa viboko. Mzee wa Kimatumbi aliyekuwa amekwepa misafara ya Kilwa maisha yake yote sasa alikuwa anapangwa mstari na akida.

Vita Kuu ya Kwanza vikamaliza mengi. Mwaka 1917 mapigano yalifika Lindi kwenyewe, na Mahiwa, karibu na Nyangao, palipiganwa moja ya mapambano makali kuliko yote katika Afrika Mashariki. Majeshi yote mawili yalikamata wapagazi vijijini, huru na mtumwa bila kuuliza. Mabwana walifilisika, watumwa wakatawanyika, na vita vilipokwisha kulikuwa na umiliki mdogo wa kufutwa. Ndipo Waingereza, wakiwa wamekabidhiwa Tanganyika kwa masharti ya Umoja wa Mataifa wa wakati ule, walipotunga sheria ya Juni 1922. Ni sheria nzuri na ninaiheshimu. Kwa mtu aliyekuwa bado anashikiliwa, hasa mwanamke, ilikuwa silaha ya kushika mbele ya hakimu. Lakini ilikuta mlango umekwisha kusukumwa na waliotoka.

Kazi ya shuruti haikuondoka na sheria ile. Aliyeshindwa kulipa kodi aliweza kutakiwa kuilipa kwa kazi ya barabara. Na ng'ambo ya Ruvuma, Wareno waliendelea kuwafanyisha watu wa Msumbiji kazi za lazima na kuwalimisha pamba kwa nguvu, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Maelfu ya Wamakonde na Wamakua walivuka mto kuja Newala, Mtwara na Lindi, wengi wakaishia kukata mkonge katika mashamba makubwa ya Lindi na Mikindani. Tarehe 16 Juni 1960 Wareno waliwaua watu waliokusanyika Mueda, si mbali na mpaka wetu. Wakimbizi na watoto wao wakawa sehemu ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, na Nachingwea ikawa kituo chake kikuu cha kufundishia wapiganaji hadi Msumbiji ilipopata uhuru Juni 25, 1975.

Kuuliza nyumbani

Wazee waliosikia habari hizi moja kwa moja kutoka kwa waliozaliwa utumwani wamebaki wachache sana. Ukitaka kuwauliza, usianze na swali la kama babu alikuwa mtumwa au bwana. Litafunga mdomo wa yeyote, kwa sababu katika miji yetu aibu hii bado inaathiri posa na urithi, na haki haimtaki mtu aliyeuzwa ndiye aone aibu. Uliza njia. Babu alifika hapa akitokea wapi? Alipita Lukuledi au Ruvuma? Alimkuta nani, na shamba la kwanza alionyeshwa na nani? Kwa nini yeye hana ndugu wa tumbo moja wakati wenzake wanao? Bibi alikuwa akiimba kwa lugha gani alipotwanga? Majina ya vijito na vilima ambayo mzee atayataja, yaandike yote jinsi alivyoyatamka, hata usiyoyafahamu, pamoja na jina la aliyempokea.